Andrea ni jina la kiume au la kike? Nataka binti yangu awe somo wa babu yake

BintiKalenga (Bergamo)

Kamwene, na habari zenu nyote.

Naandika kutoka Bergamo, kaskazini mwa Italia. Nina mimba ya miezi saba, na vipimo vimeonyesha ni mtoto wa kike. Mume wangu ni mwenyeji wa huku. Mimi kwetu ni Kalenga, Iringa.

Baba yangu mzazi alifariki mwaka 2021. Sikumzika. Kibali changu cha ukaazi kilikuwa kimekwisha muda, nacho kilikuwa kwenye foleni ya kuhuishwa, na mwaka ule safari zenyewe mnakumbuka zilivyokuwa. Nilimuaga kwa simu, kaka yangu akiwa amemshikia spika sikioni. Katika maneno machache niliyoweza kusema, nilimwambia: mtoto wangu wa kwanza atakuwa somo wako, baba. Akaguna kukubali. Hatukutaja awe wa kiume au wa kike.

Baba aliitwa Andrea. Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1951 na kubatizwa Tosamaganga na padre Mwitaliano wa shirika la Consolata, mtu wa Piemonte. Bibi alisimulia kwamba padre hakuuliza mnataka jina gani, alifungua kalenda ya watakatifu tu. Baba alikuja kuwa seremala, na ufundi wake aliupata hapohapo misheni. Viti alivyotengeneza alivichonga herufi A ndogo chini ya kikalio, mahali ambapo mtu haoni mpaka akipindue.

Sasa tatizo. Mama mkwe anasema Andrea ni jina la mwanaume, na kumpa binti ni kumletea shida shuleni. Anapendekeza Andreina, jina ambalo mume wangu analiona la kizee mno. Dada yangu anayeishi Stuttgart anashangaa: anasema huko Andrea ni mwanamke, ana majirani wawili wa jina hilo na wote ni akina mama wa makamo. Baba mdogo kule Kalenga naye nilipompigia alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Andrea wa kike? Hilo si la mtume?"

Naomba mnaojua mnisaidie. Jina hili lina maana gani hasa? Limetoka wapi? Na sheria ya huku inaruhusu? Sitaki mtoto aanze maisha kwa kuvutana na karani.

WaNakuru

Pole sana kwa kumpoteza baba, dada.

Huku Kenya mvulana ni Andrew, na ukisikia Andrea unajua ni msichana. Mpwa wangu anaitwa Andrea, yuko gredi ya nne, na hakuna aliyewahi kumuuliza chochote. Lakini swali lako limenifanya nifikirie jambo ambalo sikuwahi kuliona: babu yetu mzaa baba aliitwa Anderea, ndivyo Wakikuyu wa rika lake walivyolitamka. Kumbe nyumba moja imekuwa na Anderea wa kiume na Andrea wa kike, na hata siku ya kumbatiza huyu mdogo hatukuona kwamba ni jina lilelile. Shosho, yaani bibi yetu, peke yake ndiye aliyesema, "Amerudi." Tulidhani anaongea mambo ya uzee.

Regista21 (Mwanza)

Samahani dada, mimi nitakuwa upande wa mama mkwe.

Nimeangalia mpira wa Italia tangu niko darasa la tano, na kwangu mimi Andrea ni Andrea Pirlo. Mtu wa Flero, Brescia, si mbali na hapo ulipo. Kombe la Dunia 2006 alikuwa mchezaji bora wa fainali, na kikosi kilekile kilikuwa na Andrea mwingine, Barzagli, beki. Halafu Euro 2012 kule Kyiv, robo fainali na Uingereza, mikwaju ya penalti, Italia wako nyuma, Pirlo anamwacha kipa aruke kisha anaudokoa mpira katikati ya goli taratibu kama anamrushia mtoto. Usiku ule hatukulala.

Kule kwenu wanaume wa jina hili wamejaa mpaka uwanjani. Ukimpa binti, kila fomu atakayojaza wataandika "Bwana". Jina la marehemu mpe kama jina la pili, la kwanza lichague lingine zuri. Ni ushauri tu, na nakuombea ujifungue salama.

AndreaWaKashozi (Padova)

BintiKalenga mwanangu, pole na msiba wa mzee. Msiba usioufikia kwa miguu huchelewa kuisha, hilo nalijua kwa mwili wangu.

Nimelisoma swali lako mara tatu kwa sababu mimi mwenyewe ni Andrea, na nimeishi nchi hii miaka thelathini na moja. Miaka kumi na minane kati ya hiyo nilikaa kwenye dawati la kuwasaidia wageni na karatasi zao: vibali, vyeti, usajili wa watoto. Kwa hiyo nitakujibu mambo mawili, la jina na la karatasi, na ya jina yatakuwa marefu kwa kuwa ndiyo ninayoyapenda.

Maana kwanza. Jina limetoka katika Kigiriki, Andreas, na mzizi wake ni neno lao la mwanamume: anēr, ambalo likinyambuliwa huwa andros. Kutoka mzizi huohuo wakapata andreia, yaani ushujaa, ule moyo wa kutokimbia. Mama mkwe wako akisema jina lina uanaume ndani yake, hajakosea. Mwenye jina tunayemjua zaidi ni mvuvi wa Bethsaida, ndugu yake Simoni Petro. Tena angalia: Simoni ni jina la Kiebrania, nduguye ana jina la Kigiriki. Watu wa ziwa lile waliishi na lugha mbili mdomoni kama sisi tuliokulia mpakani.

Waroma wakaandika Andreas, na Kiitaliano kikaiacha ile s ya mwisho. Ndivyo walivyofanya kwa Lucas akawa Luca, Elias akawa Elia, Tobias akawa Tobia. Sasa sikio la Kiitaliano limezoea kwamba jina la mwanaume huishia na o, Paolo, Mario, na la mwanamke na a. Haya machache yaliyotoka kwa Wagiriki na Waebrania yakabaki yakiishia na a huku yakiwa ya wanaume: Andrea, Luca, Nicola, Mattia, Elia. Mwitaliano hujifunza utotoni kwamba haya ndiyo yaliyo tofauti. Mgeni kutoka Ujerumani hajui, anasikia a na kufikiri ni mama. Huko kwao mwanaume ni Andreas, na Andrea wakampa mwanamke. Wahispania vivyo hivyo, Andrés kwa Andrea. Kwa hiyo dada yako wa Stuttgart na mama mkwe wako wote wawili wanasema kweli, kila mmoja ndani ya mpaka wake. Mwaka mmoja nilipelekwa München kwenye mafunzo, nikakuta chumba kimeandikwa kwa jina la "Frau Andrea", na kitandani wameweka vifaa vya mwanamke. Yule msichana wa mapokezi aliniomba radhi mpaka nikamhurumia.

Na sisi Waswahili? Lugha yetu haijali irabu ya mwisho. Juma, Musa, Luka, Isaya, Yona ni wanaume, wala hakuna anayeshtuka. Ndiyo maana Andrea wa kiume alikaa kwetu bila tabu yoyote. Tena kuna kitu nilikigundua wiki yangu ya kwanza huku, nikakipenda. Waitaliano hukaza sauti kwenye e: an-DRE-a. Na Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: an-DRE-a. Ni sauti moja. Binti yako akiitwa na nyanya yake wa Bergamo na akiitwa na baba mdogo wa Kalenga atasikia jina lilelile, halibadiliki hata kidogo. Majina mangapi yana bahati hiyo? Mke wangu ni Joyce, na huku kila mtu anamwita kivyake.

Nikwambie na hili. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa karakana ya viatu, karibu na mto Brenta. Msimamizi alisoma orodha, akasema "Andrea", nikainua mkono. Akatazama orodha tena. Wenzangu walidhani nimejibadilisha jina ili kuwafurahisha, kama baadhi ya wageni walivyokuwa wakifanya. Mmoja aliniuliza mchana, kwa upole kabisa, jina langu la kweli ni lipi. Iliniuma. Kesho yake nilikuja na cheti changu cha ubatizo, karatasi ya mwaka 1961 iliyokunjwa mara nne, nikawaonyesha: Andrea, mtoto wa fulani na fulani, Bukoba.

Na Andrea wangu hakutoka Italia. Sisi watu wa Kagera tunaangalia kaskazini. Nilibatizwa kwa heshima ya Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka Mwanga, aliyeuawa Munyonyo tarehe 26 Mei 1886. Waganda humwita Andereya. Baba yangu alienda hija ya Namugongo kwa miguu kabla sijazaliwa, na miaka mitatu baada ya ubatizo wangu, Oktoba 1964, Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi wale wa Uganda kuwa watakatifu. Niliwasimulia wale wenzangu wa karakana haya yote kwa Kiitaliano changu kibovu cha wakati ule. Toka siku hiyo hakuna aliyeniuliza tena jina la kweli.

Sasa kuhusu baba yako kuzaliwa tarehe 30 Novemba. Hiyo ndiyo sikukuu ya Mtume Andrea, na yule padre wa Piemonte alifanya jambo la kale sana la kwao. Hapa Padova, tarehe 30 Novemba 1508, alizaliwa mtoto wa msaga nafaka, akaitwa Andrea. Alianza kama mchonga mawe, akaja kuwa msanifu majengo ambaye wasanifu wa dunia nzima wanamsoma mpaka leo: Andrea Palladio. Jina la Palladio alipewa ukubwani na mlezi wake Trissino kule Vicenza, lakini Andrea alilipata kwa kalenda. Na yule jemadari wa bahari wa Genova, Andrea Doria, alizaliwa Novemba 30 mwaka 1466. Kwa jina lake iliundwa meli kubwa ya abiria, ile iliyogongana na nyingine ukunguni karibu na pwani ya Marekani mwaka 1956. Kwa hiyo mchonga mawe wa Padova, jemadari wa Genova na seremala wa Kalenga walipata jina kwa mlango mmoja. Nilipofika kwenye ile herufi A chini ya viti, nilisimama kusoma kwa muda.

Kama utapata nafasi, nenda Amalfi. Mimi nilienda na parokia. Chini ya kanisa kuu kuna kaburi la Mtume Andrea, masalia yake yaliletwa pale mwaka 1208 na kardinali mwenyeji wa mji huo, miaka michache baada ya wapiganaji wa msalaba kuipora Konstantinopoli. Kila tarehe 27 Juni wanakumbuka dhoruba ya mwaka 1544 iliyotawanya merikebu za Barbarossa, jemadari wa bahari wa Waturuki, zilizokuja kuwavamia. Wanaume wa mji huibeba sanamu ya mtakatifu na kupanda nayo zile ngazi ndefu za kanisa kwa mbio. Kwa mbio, mwanangu, na mzigo ule begani! Watu wanalia. Mimi nililia.

Kuhusu wingi wake: kwa vizazi vingi Giuseppe, Giovanni na Antonio ndio waliotawala nchi hii. Andrea alipanda baadaye, na vijana waliozaliwa miaka ya themanini na tisini utawakuta darasa zima. Miaka ya 2000 alikuwa bado katika majina machache ya juu kabisa ya wavulana, pamoja na Francesco na Alessandro. Siku hizi Leonardo ndiye anaongoza na Andrea ameteremka kiasi. Ukitaka kuona ukongwe wake, tazama majina ya ukoo: D'Andrea, Andreoli, Andreani, Andreotti. Hao wote kuna babu yao mmoja aliyeitwa hivyo.

Sheria sasa. Kijana wa Mwanza asikutie hofu. Sheria ya usajili ya mwaka 2000, kifungu cha 35, inasema jina lazima liendane na jinsia ya mtoto. Kwa kifungu hicho makarani waliwahi kuwakatalia wazazi Andrea wa kike, na faili likaenda kwa mwendesha mashtaka ili jina lirekebishwe. Niliwahi kukaa na wazazi wa namna hiyo, wametoka Peru, mama analia kwa sababu huko kwao Andrea ni jina la msichana tangu zamani. Lakini Novemba 2012 mahakama ya juu kabisa ya Roma, Cassazione, iliamua shauri la wazazi wa Toscana na kufuta uamuzi wa mahakama ya rufaa ya Firenze. Ilisema kwamba Andrea akipewa msichana si jina la kuchekesha wala la kuaibisha, na kwamba katika nchi nyingi ni jina la wote. Hukumu namba 20385. Iandike kwenye kikaratasi uiweke kwenye mkoba, ingawa sidhani kama utaihitaji.

Fomu nazo zisikusumbue. Ile namba ya kodi, codice fiscale, kila mtoto hupewa. Katika herufi za jina, Andrea huwa NDR, awe wa kiume au wa kike. Jinsia inaonekana kwenye tarehe: mvulana aliyezaliwa tarehe 12 huandikwa 12, msichana huongezewa arobaini, anaandikwa 52. Mashine hazitamchanganya. Watu watauliza, na yeye atawajibu.

Mna siku tatu za kumwandikisha hospitalini au siku kumi kwenye ofisi ya manispaa. Mnaweza kumpa mpaka majina matatu. Na hapa nisikilize vizuri: mkiweka alama ya mkato kati ya jina la kwanza na la pili, vyeti vitatoa la kwanza peke yake. Msipoweka mkato, yote yanatoka. Nimeona ndugu wakigombana miaka kwa ajili ya mkato huo.

Samahani kwa urefu.

SrM (Songea)

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimefundisha Kigiriki cha Biblia kwa miaka kadhaa, na ninataka kuongeza kitu kimoja juu ya maneno mazuri ya Mzee Andrea. Amesema jina lina uanaume ndani yake. Ni kweli kwa mzizi. Ila neno lenyewe lilivyotumika lilitoka nje ya mzizi huo.

Fungueni Mithali 31:10. Kwa Kiswahili tunasoma, "Mke mwema, ni nani awezaye kumwona?" Kwa Kiebrania pale si "mwema" tu, ni eshet chayil, na chayil ni nguvu, neno linalotumika hata kwa jeshi. Wayahudi waliotafsiri maandiko kwa Kigiriki, katika ile tafsiri tunayoiita Septuaginta, walitafuta neno la kumwelezea mwanamke huyu, anayeamka kabla ya mapambazuko, anayenunua shamba, anayepanda mzabibu kwa kazi ya mikono yake. Waliandika gynaika andreian. Mwanamke andreia. Na katika Mithali 12:4 wakarudia vilevile.

Kati ya neno hilo na jina la baba yako, BintiKalenga, tofauti ni herufi i moja.

Wazee wale walijua fika kwamba neno limetokana na mwanamume. Walilichukua hivyohivyo wakampa mwanamke, kwa kuwa ushujaa waliokuwa wakiuona mbele yao ulikuwa wa mwanamke. Sisi tunasema mwanamke wa shoka, na shoka nalo tulilizoea mikononi mwa wanaume.

Mwambie mama mkwe. Mwambie na baba mdogo pia. Binti huyo hatakuwa ameazima jina la mtu.

Regista21

Sista, shikamoo. Hili la Mithali sikulijua kabisa. Naondoa ushauri wangu wa jina la pili. Mpe la kwanza, dada.

BintiKalenga

Mzee Andrea, shikamoo. Sista, milele amina. WaNakuru, ile "Amerudi" ya shosho wenu nimeilala nayo usiku kucha. Na wewe wa Mwanza, asante kwa kubadili neno lako hadharani, si wengi hufanya hivyo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nizungumze na watu wa nyumbani. Jumapili mama mkwe alikuja kula. Mume wangu alimsomea ile hukumu kwenye simu, akasikiliza, akasema sawa, sheria ni sheria, lakini hakulainika. Ndipo mimi nikamwonyesha Mithali. Yeye ni mtu wa kanisa, ana Biblia yake ya Kiitaliano yenye karatasi za misa za wafu wote wa ukoo. Akaenda kuichukua chumbani, akasoma mstari mpaka mwisho wa sura, kimya, kidole kikifuata maneno. Alipomaliza aliniuliza baba yangu alikuwa mtu wa namna gani. Miaka sita, na lilikuwa swali lake la kwanza juu ya baba. Nikamweleza viti, nikamweleza herufi A. Nikamweleza na ile simu ya mwisho. Mume wangu ambaye kwa kawaida hutafsiri ninapokwama, hakutafsiri kitu, niliyapata maneno yote mwenyewe.

Mchana wake tulipanda wote watatu mpaka Mji wa Juu, kwenye kanisa la Mtakatifu Andrea, mtaa wa Porta Dipinta. Nimepita pale mara ngapi nikishuka na mboga bila kujua ni la nani.

Baba mdogo nilimpigia jana. Nilimsomea Mithali kwa Kiswahili halafu nikamweleza alichosema sista. Alikaa kidogo, kisha akasema atamtafuta kaka yangu wakapindue viti vilivyobaki, achague kimoja kizima, akitunze. Kiti cha huyo Andrea mdogo.

Mama mkwe anaitwa Teresa. Hakuomba chochote, ila nimeamua mwenyewe. Mzee Andrea, kwa yale uliyotufundisha: tutaandika Andrea Teresa, na mkato hatuweki.